Lumbesa nayo ni dhambi, tuiseme kanisani

Mhariri, Bwana asifiwe. Naomba nafasi kwenye gazeti lako niseme jambo ambalo limenikaa moyoni karibu miaka miwili sasa. Mimi ni mnunuzi wa viazi mviringo, nanunua kwa wakulima huku Njombe, Wanging'ombe na Makete alafu napeleka Dar es Salaam, mara nyingi soko la Mabibo. Na ni Mkristo, Mlutheri, nimeokoka, naimba kwaya. Kwa miaka mingi kwaya ilikuwa ya Jumapili na viazi vya kuanzia Jumatatu, sikuona vinakutana wapi.

Asiyejua lumbesa nimweleze. Sheria ya vipimo inasema gunia la mazao lisizidi kilo 100. Sasa sisi wanunuzi tunafika shambani na magunia yetu, linajazwa mpaka mdomoni, alafu juu yake tunashonea kipande cha neti na viazi vinaendelea kuingia mpaka gunia linakuwa na kichwa kama mtu aliyevaa kilemba, na lote hilo linaitwa gunia moja na bei ni ya gunia moja. Kwanini? Kwasababu nauli ya fuso inahesabiwa kwa gunia, ushuru kwa gunia, wabebaji kwa gunia, na kule sokoni ukishusha gunia lisilo na kichwa dalali anakuuliza kama umekuja kucheza. Yani njia nzima kila mtu ana sababu yake, isipokuwa mkulima, yeye ndo anatoa kilo 30 au 40 za bure kwenye kila gunia. Chukua hizo 30 zidisha kwa magunia 50, ni kilo 1,500, ni magunia 15 ya mtu aliyepanda, akapalilia, akapiga dawa ya ukungu, alafu yamepanda kwenye fuso bila senti hata moja.

Mi nilifanya hivo miaka yote na hakuna mchungaji aliyewahi kuniuliza, wala mimi sikuwahi kujiuliza. Hadi siku moja tuko kwenye jumuiya, ibada ya nyumba kwa nyumba, tunasoma Luka 19 habari za Zakayo. Nikachangia, na nilichangia vizuri tu, nikasema Yesu hakumwogopa mwizi wa kodi aliingia nyumbani kwake. Kulikuwa na mama mmoja mtu mzima, mkulima, viazi vyake nilivinunua wiki ileile. Akaniuliza kwa upole kabisa, "Mwanangu, hivi Zakayo aliposema atarudisha mara nne, alikuwa anarudisha nini?" Basi. Hakuongeza neno, hakunitaja, tukaendelea na maombi. Lakini nilipofika nyumbani nikatoa daftari la manunuzi nikaanza kuhesabu, mpaka mke wangu akaja kuuliza kama kuna mtu tunadaiwa. Nikamwambia ndio, tunadaiwa.

Mara nne sikuweza, nasema ukweli. Nilichoweza ni kuwafuata watu 11 wa msimu ule niliokuwa na hesabu zao, nikawalipa kilo zilizozidi kwa bei tuliyopatana. Wa kwanza nilimwendea yule mama, nikamwamkia, nikashindwa kuanza, akaniwekea kiti akasema pumua kwanza. Mzee mmoja alikataa hela, akaniambia nikampe yatima. Na kaka mmoja wa huko Makete alizipokea, akazihesabu, alafu akaniambia yeye aliacha kwenda kanisani siku nyingi kwasababu mtu aliyekuwa anampunja gunia ndo huyohuyo aliyekuwa anasimama mbele na kikapu cha sadaka. Hakuwa mimi, ila ningeweza kuwa mimi. Tangu siku ile maneno hayo hayajanitoka. Tunafunga spika kubwa, tunafanya mikutano ya injili siku saba, tunaweka mistari ya Biblia kwenye status asubuhi na jioni, kumbe kuna mtu tumeshamhubiria kwa gunia na ameshaelewa.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa wa Bukoba, na alikuwa wa ule uamsho wa Afrika Mashariki. Wasomaji vijana huenda hawaujui. Mwaka 1929 pale Kampala Simeoni Nsibambi na daktari Mwingereza aliyeitwa Joe Church walikaa pamoja wakasoma Biblia na kuomba, na miaka ya 1930 moto ukawaka Gahini kule Rwanda, ukaenda Uganda, Kenya, ukaingia na kwetu kupitia Bukoba. Hata hili neno mlokole limetokana na Kiganda, balokole, yani waliookolewa. Sasa bibi alichokuwa anatusimulia zaidi hakikuwa mahubiri. Alikuwa anasimulia jinsi watu walivyokuwa wanarudisha vitu. Mtu anaokoka leo, kesho anaonekana njiani na jembe la jirani aliloiba zamani, mwingine anamrudishia mwajiri hela, mwingine anaomba radhi kwa mkewe mbele za watu. Kijiji kilijua kuna jambo limetokea kwasababu kiliona majembe yanarudi. Sisi walokole wa leo jina tumelirithi, majembe bado tumeyashika.

Nimenunua mizani ya kuning'iniza, imehakikiwa na Wakala wa Vipimo, saivi nanunua kwa kilo. Sitadanganya kwamba nimetajirika, dalali niliyefanya nae kazi miaka saba ameniacha, nauli yangu imepanda maana magunia ni mengi zaidi kwa mzigo uleule, na msimu uliopita faida ilikuwa ndogo mpaka nikauza pikipiki. Mke wangu amebeba hili pamoja na mimi na namshukuru Mungu kwa ajili yake.

Dereva wa fuso ninayesafiri nae ni Muislamu, mtu wa Tanga, tunaheshimiana sana. Miaka yote sikuwahi kumwambia habari za Yesu na sasa najua sababu, ningeanzia wapi wakati yeye ndo alikuwa anaona magunia yanashonwa? Safari moja tumesimama Makambako tunakula akaniuliza mwenyewe, kaka we umepatwa na nini mbona umeacha vilemba. Nikamsimulia Zakayo, nikamsimulia na yule mama. Akasikiliza mpaka mwisho, akaniambia hata kwao kupunja kipimo ni jambo zito mbele za Mungu, tukaongea njia nzima mpaka Mikumi. Sikumlazimisha kitu. Ila ni mara ya kwanza nimemshuhudia mtu nikiwa sina cha kuficha, na nilisikia furaha ambayo hata kwenye kwaya sijawahi kuipata.

Ombi langu kwa wachungaji, mapadre na wazee wa kanisa wa mikoa hii, isemeni lumbesa madhabahuni kwa jina lake, kama mnavyosema ulevi na uzinzi. Wanunuzi wengi tumo humohumo makanisani, tena wengine ndo tunaochangia mabati. Najua ni vigumu kumkemea aliyetoa bati, lakini mkulima naye yupo kwenye benchi la nyuma anasubiri asikie kama Mungu ameyaona magunia yake. Na jumuiya zichangishane zinunue mizani yao wenyewe, ikae kwa mtu anayeaminika, mnunuzi akija viazi vinapimwa kwanza ndo bei inatajwa. Mkulima mmoja mmoja akikataa kichwa cha gunia mnunuzi anahamia shamba la jirani, mtaa mzima ukikataa ataenda wapi.

Kwa wakulima wa Uwemba na vijiji vya jirani, mwezi ujao nitakuwa huko. Hata kama viazi vyako unamuuzia mwingine njoo upime kwangu kabla ujue uzito wako. Sitozi chochote.

Mnunuzi wa viazi,
Makambako