Barua kwa mwanangu: tendo lina tarehe

Mwanangu,

Salamu, na hongera ya kazi. Umeniambia umepewa dawati la kufuatilia watu wanaotoka gerezani, na kwamba majalada umekabidhiwa kabla hata ya kiti. Ndivyo inavyokuwa. Nakuandikia mambo ambayo semina ya siku za mwanzo huyapitia mbiombio, au haiyagusi kabisa.

Kwanza tenganisha vitu vitatu ambavyo vinywani mwa watu ni kitu kimoja. Kuna kukiuka desturi: mtu anavaa, anasema au anaishi tofauti na wenzake, na watu wanamnung'unikia ingawa hakuna sheria aliyovunja. Kuna jinai: tendo lililotajwa na sheria, likathibitishwa mahakamani, likapewa adhabu. Na kuna unyanyapaa, ambao hauhitaji tendo lolote. Mgonjwa wa ukoma hajamkosea mtu, na mtoto wa mfungwa hajaiba. Mwanasosiolojia Erving Goffman, aliyeliandikia jambo hili mwaka 1963, aliweka sababu za kunyanyapaliwa katika mafungu matatu: kasoro za mwili, doa la tabia, na asili ya mtu kama vile taifa au dini yake. Tena alionyesha kwamba doa huwarukia walio karibu, yaani mke, watoto, hata rafiki anayeonekana naye. Kwa hiyo ukienda kumtembelea mtu nyumbani, usiegeshe gari la ofisi mlangoni pake, na kitambulisho kiweke mfukoni. Jirani akikuuliza wewe ni nani, taja jina lako basi, usimtajie na kazi yako. Ziara moja ya kishindo huweza kumpotezea mtu chumba alichopanga.

Wala usidhani kila mvunja sheria hupewa jina. William Chambliss aliwafuatilia wavulana wa makundi mawili katika shule moja ya sekondari Marekani, akachapisha aliyoyaona mwaka 1973. Kundi moja lilikuwa la vijana wanane wa familia zenye nafasi, jingine la sita wa familia za hali ya chini. Wote walitoroka shule, wote walikunywa, wote waliharibu mali za watu. Wale wanane walikuwa na magari, wakaenda kufanya vituko vyao mbali na macho ya majirani, na polisi wakiwasimamisha walikuwa wapole na wenye kuomba radhi. Kwa miaka miwili yote hakukamatwa hata mmoja. Wale sita hawakuwa na usafiri, wakafanya yao hadharani, wakajibu kwa kiburi, wakawa wageni wa polisi kila mara. Basi jalada unalolifungua linakueleza mtu alifanya nini, lakini pia linakueleza nani alionekana akifanya.

Jina huganda kwa hatua, na mwanasosiolojia Edwin Lemert alizichambua tangu 1951. Mwanzoni kosa ni jambo moja kati ya mengi ambayo mtu anayafanya. Bado ni fundi, ni kaka wa mtu, ni mchezaji wa timu fulani. Kosa likigunduliwa na kutangazwa, watu huanza kumsoma upya: hata ukimya wake wa zamani unaelezwa kwamba alikuwa akipanga wizi. Kisha milango inafungwa, na wanaobaki kumpokea ni wale wenye jina kama lake. Mwisho analikubali, kwa kuwa ndilo pekee linalompa mahali pa kukaa. Ukimpokea mtu mpya, jiulize yuko hatua ya ngapi. Aliye hatua ya pili anahitaji mwajiri na wewe umwache apumue. Aliye hatua ya mwisho anahitaji watu wapya wa kukaa nao, na hapo mwezi mmoja hautoshi.

Sasa tuje kwenye kalamu yako. Hapa ndipo madhara mengi hufanyika, na hufanywa na watu wema wenye haraka. Tendo lina tarehe, jina halina. Ukiandika "ni mwizi sugu, mkaidi, hana ushirikiano", umeandika kitu kisichoisha na kisichohakikika. Andika hivi: "Alipatikana na hatia ya wizi mara mbili, 2016 na 2019. Alimaliza kifungo Machi 2021. Tangu hapo hakuna shtaka lililofunguliwa. Amekosa miadi mitatu kati ya kumi. Mara mbili alipiga simu kabla." Afisa atakayelisoma baada yako atajua la kufanya.

Tuhuma, shtaka na hatia ni hatua tatu, usizikoroge. Aliyekaa mahabusu akaachiwa bila kupatikana na hatia hajawahi kuwa mhalifu mbele ya sheria, hata kama alikaa humo miezi. Maneno "inasemekana" na "anaonekana" yaache kabisa. Kama habari imetoka kwa shangazi yake, andika imetoka kwa shangazi yake, na siku aliyoisema. Kinachoharibu zaidi ni kunakili. Afisa wa kwanza anaandika kwamba jirani anahisi kijana huyu anatumia dawa za kulevya. Wa pili anaandika kwamba kuna taarifa za matumizi ya dawa. Wa tatu anaandika "mtumiaji wa dawa". Hakuna aliyedanganya, na hakuna aliyempima. Ukikuta sentensi ya namna hiyo, irudie nyuma karatasi kwa karatasi mpaka uione ilipozaliwa.

Lakini usinielewe vibaya: kutompa mtu jina hakufuti alichofanya. Kuna aliyeibiwa, kuna aliyepigwa, na wewe si wakili wa mteja wako. Utasikia visingizio, na karibu vyote vinaingia katika mafungu matano ambayo Gresham Sykes na David Matza waliyaorodhesha mwaka 1957. "Marafiki waliniponza, sikuwa na jinsi." "Hakuna aliyeumia, wale wana bima." "Alistahili, naye alikuwa mdhulumaji." "Hao wanaonihukumu ndio wezi wakubwa." "Nisingeweza kuwatupa wenzangu." Ukibishana navyo utashindwa, maana kila kimoja kina chembe ya ukweli. Badala yake uliza jambo dogo: yule uliyemchukulia pikipiki, kesho yake alikwenda kazini kwa njia gani? Kisha nyamaza. Swali hilo lina mtu ndani yake, na kisingizio hakimpi mtu huyo nafasi. (Visingizio hivyohivyo utavisikia kwa waheshimiwa wanaoghushi hesabu wakiwa wamevaa tai, ila hao ni nadra kuletwa kwenye dawati lako.)

Wiki mbili za kwanza ndizo zitakazokula nguvu zako, na inafaa iwe hivyo. Utafiti uliochapishwa 2007 uliwafuatilia watu zaidi ya 30,000 waliotoka katika magereza ya jimbo la Washington, Marekani. Katika wiki hizo mbili hatari yao ya kufa ilikuwa mara 12.7 ya wakazi wengine, na sababu iliyoongoza ni kuzidisha dawa za kulevya. Aliyekuwa akitumia heroini kabla ya kufungwa, mwili wake umeizoea hali ya kukaa bila dawa. Akirudia kipimo chake cha zamani, kipimo hicho kinamuua. Mwambie waziwazi kabla hajatoka, na umwambie pia ndugu atakayempokea. Usiogope kwamba unamfundisha. Anaijua dawa kuliko wewe. Asichokijua ni mwili wake wa leo.

Mengine yanatakiwa yawe tayari kabla ya lango kufunguliwa: kitambulisho au hati ya kuachiliwa, nguo za kuvaa, nauli ya kumfikisha, na mahali pa kulala usiku huohuo. Hayo si hisani. Kanuni za Nelson Mandela za kuwatendea wafungwa, zilizopitishwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa Desemba 2015, zinayataja katika kanuni ya 108. Mgonjwa anayemeza dawa kila siku atoke nazo mkononi za kutosha mpaka siku ya kliniki, pamoja na barua ya daktari. Angalia na kalenda. Anayeachiwa Ijumaa jioni hukuta ofisi zote zimefungwa, na mlango pekee ulio wazi mpaka Jumatatu huwa ni wa wale aliofungwa nao. Ukiweza kuomba taratibu za kutoka zikamilike asubuhi, tena katikati ya wiki, omba.

Kuhusu ajira, usimpe mtu matumaini ya bure, lakini usimkatishe tamaa pia. Mtafiti Devah Pager aliwatuma vijana wanne, weupe na weusi, kuomba kazi kwa waajiri 350 katika mji wa Milwaukee, Marekani, na matokeo yakatoka 2003. Weupe wasio na rekodi ya jinai walipigiwa simu mara 34 kati ya 100. Weupe wenye rekodi, 17. Weusi wasio na rekodi walipigiwa mara 14, wenye rekodi mara 5. Soma tena namba hizo: mweusi ambaye hajawahi kufungwa alipigiwa simu mara chache kuliko mweupe aliyesema ametoka gerezani. Doa la asili na doa la tabia hupandana. Basi mtu anayebeba yote mawili mtafutie waajiri wengi zaidi, na wewe mwenyewe uwe mtu wa kupigiwa simu na mwajiri.

Mfundishe pia namna ya kulisema. Asianze nalo, asidanganye akiulizwa. Sentensi nne zinatosha: nilifanya hivi mwaka fulani, nilitumikia adhabu mpaka mwaka fulani, tangu hapo nimefanya haya, na kazi hii naiweza kwa sababu hizi. Afanye mazoezi mbele yako mpaka sauti isitetereke kwenye ile ya kwanza. Wengi huharibu kwa kueleza mno. Dakika kumi za kujitetea humfanya mwajiri aone kosa kubwa kuliko lilivyokuwa.

Ofisini utasikia kwamba mchovya asali hachovyi mara moja. Wajibu kwa hesabu. Alfred Blumstein na Kiminori Nakamura walichukua rekodi za watu waliokamatwa kwa mara ya kwanza katika jimbo la New York mwaka 1980, wakauliza inachukua muda gani mtu akikaa bila kukamatwa hadi hatari yake ilingane na ya mtu yeyote wa umri wake. Aliyekamatwa akiwa na miaka 18 kwa kuvunja nyumba ilikuwa miaka 3.8. Kwa unyang'anyi ilikuwa miaka 7.7. Kwa hiyo muda una uzito, na uzito huo haumo katika neno "sugu". Uhalifu wenyewe hupanda katika miaka ya mwisho ya ujana kisha hushuka. Vijana wengi huacha bila msaada wa mtu, wakipata kazi au mwenzi wasiyetaka kumpoteza.

Mtu akikukaribisha kwenye mpango wa kuwapeleka watoto watukutu gerezani waogopeshwe na wafungwa, kataa kwa adabu. Mipango hiyo imepimwa kwa kulinganisha makundi, na walioogopeshwa walifanya makosa zaidi kuliko walioachwa nyumbani.

La mwisho ni majalada uliyorithi. Utatamani kukwangua maneno mabaya yaliyomo. Usiguse, kubadili kumbukumbu rasmi ni kosa, na utampa mteja wako tatizo jipya. Chukua karatasi mpya, andika yaliyothibitishwa kwa tarehe zake, andika yale ambayo hukuona ushahidi wake na karatasi yanakotokea, tia sahihi, iweke juu. Kisha mwite mteja mwenyewe aisome mbele yako kabla ya kuifunga, na akisema tarehe fulani si sahihi, iandike pingamizi yake palepale chini, kwa maneno yake.

Ni mimi mama yako.