Barua ya wazi kwa Afisa Ustawi wa Jamii wa Mkoa wa Tanga: mzee anayetembea usiku hatoroki

Ndugu Afisa Ustawi wa Jamii,

Salamu kutoka Ngamiani. Nakuandikia kuhusu wazee wenye demensia, yaani maradhi ya ubongo yanayopoteza kumbukumbu, wanaopokelewa katika makazi ya wazee, hasa wiki zao za mwanzo na hasa usiku. Ombi langu ni hili: mzee mgeni asifungiwe mlango wala asipewe dawa ya kumlaza kabla hajapimwa, na kabla hajatafutwa mtu wa kueleza maisha yake yalikuwaje.

Aliyepoteza kumbukumbu za jana bado huijua nyumba yake kwa mazoea. Miguu inajua choo kiko upande gani na mlango wa uani unasukumwa vipi. Ukimhamisha, mazoea hayo hayamsaidii tena. Anaamka gizani, haja imembana, anatoka kutafuta choo. Mlinzi akimkuta getini, anaandika kwamba mzee alitaka kutoroka.

Baba yangu mdogo alikuwa mvuvi, amezeekea baharini. Alipopelekwa kwenye makazi, kila ikifika saa tisa usiku alikunja mkeka wake, akautia kwapani, akaenda kushika komeo la mlango. Wakamfungia. Akaupiga mlango mpaka viganja vikavimba. Wakampa vidonge, asubuhi yote akawa anasinzia kwenye benchi udenda ukimtoka, na usiku uliofuata yuko macho tena. Mpaka siku moja zamu ikawa ya mhudumu aliyekulia pwani. Hakumvuta mkono. Alimwamkia, kisha akamwuliza, “Babu, maji yamekaaje leo?” Mzee akajibu kwamba bado hayajajaa, mashua haiwezi kutoka. “Basi tuyasubiri,” akamwambia, akamkalisha, akampa kikombe cha uji wa moto. Baada ya muda mzee alitandika mkeka wake mwenyewe akalala.

Saa tisa ndiyo saa aliyokwenda kazini maisha yake yote. Mwenzake aliyekata mkonge naye ataamka kabla ya alfajiri kutafuta panga, na aliyekuwa mama lishe atataka kuwasha moto. Karatasi moja kwenye faili la mzee ingewaeleza wahudumu hayo yote siku ya kwanza: kazi aliyofanya, saa aliyozoea kulala na kuamka, jina analopenda kuitwa, anaswali au anasali wapi, nini humtuliza. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ililiweka jukumu la kumtunza mzee kwenye familia kwanza, makazi yawe hatua ya mwisho. Kwa hiyo wengi wanaofika huko hawana ndugu wa karibu, na karatasi hiyo haitajijaza. Afisa anayemleta mzee aijaze kwa majirani, kwa balozi wa nyumba kumi, msikitini au kanisani, kabla gari halijaondoka.

Kuhusu dawa nitasema bila kuzunguka. Mzee wa namna hii mara nyingi hawezi kusema anaumwa wapi. Mkojo unaochoma, choo kigumu, kiu, goti, malaria, vyote huweza kuonekana kama fujo za usiku. Akibadilika ghafla, ndani ya siku moja au mbili, huyo ni mgonjwa na apelekwe hospitali ya Bombo asubuhi hiyo hiyo. Kama anatumia vidonge vya kukojoza, daktari aulizwe iwapo vinaweza kutolewa asubuhi badala ya jioni. Kahawa na chai ya rangi visimame baada ya adhuhuri, na najua kwa mtu wa Tanga hilo ni zito. Diazepam, dawa ya kutuliza na kulaza, huweza kumlegeza akaanguka na kuvunja nyonga. Dawa za aina ya haloperidol, zinazotumika kwa magonjwa ya akili, zina hatari kubwa zaidi: mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya mwaka 2005 kuhusu dawa mpya za kundi hilo, na mwaka 2008 kuhusu za zamani, kwamba huongeza vifo kwa wazee wenye demensia. Zipo hali chache ambapo daktari huzihitaji dawa hizo, lakini haifai zitumike kwa sababu zamu ya usiku ina mtu mmoja.

Usingizi wa usiku hutengenezwa mchana. Mzee akae juani asubuhi, apewe cha kufanya: kuchambua mchicha, kusuka ukili, kushona nyavu. Magharibi ndipo wengi huanza kuhangaika, kwa hiyo taa ziwashwe kabla giza halijaingia, na zamu zisipokezane saa hiyo hiyo. Anayetaka kutembea aachwe atembee ndani ya uzio, kwenye njia isiyo na mashimo, kisima kikiwa kimefunikwa. Mlango wa choo uwe na picha na taa ya usiku kucha.

Mengi ya haya hayasubiri bajeti. Linalohitaji fedha ni mhudumu wa pili wa usiku, anayekaa macho, naye naomba aingizwe kwenye makisio ya mwaka ujao wa fedha. Karatasi ya mapokezi unaweza kuielekeza kwa waraka mwezi huu. Niko tayari kuja ofisini kwako na wahudumu wawili wa usiku tuiandike pamoja, siku utakayotupangia.

Wako,
Mkazi wa Ngamiani, Tanga