Kamba ya nguo ndiyo mpaka wetu

Kayole, Nairobi
Jumapili, 14 Juni 2020

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku. Sisi tu wazima, namshukuru Mungu. Niliposikia redioni kwamba Mji wa Kale wenu huko Mombasa, uliofungwa kwa ajili ya korona, umefunguliwa baada ya mwezi mzima, nilikaa kitako nikalia. Nairobi na Mombasa zenyewe bado zimefungwa, kwa hiyo kuonana hakupo kwa sasa. Pokea barua.

Umeniuliza habari ya yule mzee wa chini kwenu, mjane, ambaye kila nyumba ya mtaa inampelekea sahani. Ukasema, "Tutamsaidiaje bila kumwua?" Sikushtuka kusoma neno hilo. Ndilo lililoninyima usingizi mwezi wa Machi, tangu kile kisa cha kwanza cha korona nchini kilipotangazwa tarehe 13, kwa sababu ya shosho, yule bibi mzee wa mlango wa nne. Ana miaka 78, ana presha na sukari, na mwanawe yuko Kisumu, hawezi kuingia Nairobi.

Basi nikwambie nilichojifunza: wapunguzeni wanaomwendea. Sahani sita kutoka nyumba sita ni watu sita mlangoni, na kila mmoja ana matatu aliyopanda na soko alilopita. Ugonjwa huu mtu anaweza kuwa nao na asikohoe hata mara moja. Kwetu shosho alikuwa anapendwa na ploti nzima, yaani wapangaji wote wa ua wetu, na mapenzi hayo ndiyo yaliyonitia hofu. Tuliketi uani, tukakubaliana: anayefika mlangoni kwake ni mimi peke yangu. Wengine wakitaka kutoa unga, sabuni au chochote, wananipa mimi. Kuna mama aliyekasirika, akaona namfungia shosho wake. Nilimwelewa, lakini sikulegeza.

Ploti yetu ina vyumba 12, bomba moja, vyoo viwili. Kumwambia mtu ajitenge katika nyumba kama hizi ni rahisi kwa anayesema tu. Kwa hiyo tulitafuta mpaka ambao kila mtu anauona, hata watoto, na tukachagua kamba ya kuanikia nguo. Iko hatua tatu kutoka mlango wake. Kigoda chake kiko upande wake wa kamba, juani. Mimi naweka jerikeni na mfuko juu ya kigoda, narudi nyuma ya kamba, ndipo anatoka. Alfajiri, kabla hajaenda chooni, naosha komeo la mlango wa choo na bomba kwa maji ya sabuni, halafu nauacha mlango huo wazi hewa ipite. Usidharau sabuni ya kipande. Kirusi hiki kimevaa ngozi ya mafuta, na sabuni inaichana kama inavyokata mafuta kwenye sufuria.

Jambo ambalo sikulitazamia ni masikio. Shosho hasikii vizuri, na kumbe miaka yote alikuwa akisoma midomo yetu. Barakoa zikaifunika. Nikawa napaza sauti kutoka kwenye kamba, "Shosho, ile dawa ya kulainisha choo imekusaidia?" na ploti nzima inasikia. Siku moja niliona amefunga mlango huku machozi yanamlenga, nikaelewa nimemwaibisha. Tangu hapo nasimama bombani nampigia simu. Yeye yuko pale kwenye kigoda na kabambe yake, kile kisimu cha vibonyezo, sikioni, mimi niko hapa, tunatazamana na kuongea kwa sauti ya chini. Mwombe mzee wako namba, umpigie hata kama uko dirishani kwake.

Pesa nazo. Mwanawe shosho humtumia kwa M-Pesa, na tangu Machi kutuma chini ya shilingi 1,000 hakukatwi kitu, basi anatuma kidogo kidogo. Shosho aliniandikia namba yake ya siri kwenye kikaratasi ili nimtolee. Nilimrudishia nikamwomba akichome jikoni. Sasa anatuma mwenyewe kwa mwenye duka, mimi nachukua bidhaa na kumletea risiti. Inachukua muda, wakati mwingine anakosea anaanza upya, lakini ni pesa zake na anazijua zilipoenda. Wapo wanaozunguka mitaani siku hizi wakijiita watu wa msaada, kwa hiyo mfundishe mzee wako asimtajie yeyote namba ile, hata wewe.

Sasa nikuungamie kosa langu. Mwezi wa Mei niliamka koo linaniwasha na mwili umechoka. Asubuhi hiyo hiyo nilikuwa nimeshampelekea maji. Nilipiga 719, namba ya simu ya korona, nikaambiwa nijitenge, nikajifungia siku 14. Jirani kijana akachukua nafasi yangu, na alifanya kazi kwa moyo. Lakini mimi sikuwa nimemwambia kitu. Hakujua kwamba vidonge vya presha vinaisha, wala shosho hakutaka kumsumbua. Alikaa siku mbili bila dawa. Siku ya tatu kijana alimwona ameshika ukuta akienda bombani, ndipo akauliza. Vikapatikana jioni ile, kafyu ikiwa mlangoni. Mimi kikohozi kilipita na shosho hakuugua, ila zile siku mbili bado zinanichoma. Tangu hapo kuna karatasi mbili zenye maneno yale yale, moja kwangu na moja kwa kijana: dawa zipi, anakunywa saa ngapi, zinaisha tarehe ngapi, namba ya mwanawe, namba ya mhudumu wa afya wa mtaa, na boda boda anayekubali kuvaa barakoa. Dawa tunanunua zikibaki za wiki moja. Wewe pia utafute wa pili wako leo, kabla hujaugua.

Kuhusu chakula cha kugawa, usikubali mzee apelekwe kwenye foleni. Uliyasikia ya Kibera Ijumaa Kuu, watu walivyokanyagana wakigombea msaada. Kwetu nilipeleka jina la shosho kwa mzee wa Nyumba Kumi, msimamizi wa majirani mtaani, mfuko ukaletwa kwangu. Kikundi fulani kilitaka atoke apigwe picha na unga. Nikawaambia unga watauacha au watarudi nao, lakini picha hakuna. Waliuacha.

Umeandika kwamba mzee wako ameanza kukataa chakula, anasema yeye si ombaomba. Shosho naye alifika hapo. Dawa niliyoipata ni kumpa kazi. Unajua nashona, na tangu Aprili nashona barakoa za kitambaa. Shosho mkono wake bado imara, basi namwekea vipande na lastiki kwenye kigoda, yeye anatia mishono ya pembeni. Nikizichukua nazifua kwa maji moto na kuzipiga pasi kabla ya kuuza, na nampa shilingi tano kwa kila moja. Anazihesabu mara mbili. Jana aliniambia mishono yangu ya mashine ni legevu, akafumua nne akarudia. Mzee wako alikuwa baharia, sivyo? Muulize jinsi ya kutengeneza wavu, au akurekebishie ile kamba ya ndoo. Mwombe kitu unachokihitaji kweli, maana atajua ukimdanganya.

Nitakuandikia tena tukijua kama Julai watafungua njia. Usiku shosho hugonga sufuria mara mbili kuniambia amelala salama, nami hugonga yangu mara moja. Amegonga sasa hivi. Acha nikamjibu.

Akupendaye,
Jirani yako wa zamani wa bombani