Kabla hujanunua Golf GTI ya kukaa nayo: tunayoyaona gerejini

Mteja anafungua simu, anatuonyesha picha. Golf GTI ya Volkswagen (VW), nyeupe, mstari mwekundu kwenye grili, kilomita elfu hamsini na kitu, bado iko Japani. "Fundi, hii nikiichukua itanisumbua?"

Sisi huwa tunamrudishia swali: unataka kukaa nayo muda gani? Anayetaka kuiendesha mwaka mmoja kisha auze, tukiikagua na kuiona imesimama vizuri, hatuna maneno mengi. Makala hii ni ya yule anayetaka kukaa nayo miaka mitano au zaidi. Tunaipenda GTI, tunaishi nayo hapa gerejini kila siku, na inatuuma kuona gari zuri hivyo limewekwa juu ya mawe uani kwa sababu mwenye gari hakuambiwa ukweli mapema.

Ukweli wenyewe ni huu: bei ya gari inashuka kila mwaka, bei ya spea zake haishuki. GTI ya miaka kumi unaweza kuipata kwa fedha inayokaribia ya gari la kawaida la Kijapani, lakini pampu ya maji yake bado ni ya gari lililouzwa ghali likiwa jipya. Kwa hiyo hesabu isiishie kwenye gari, meli na ushuru. Kuna fungu la tatu, la mwaka wa kwanza: oili ya injini, oili ya giaboksi, plagi, mafuta ya breki, bushi za mbele, na chochote kitakachoonekana tukilipandisha juu. Kama ukishalitoa bandarini mfukoni hakubaki kitu, subiri miezi sita. Tunasema hivyo hata kwa mteja ambaye tungependa atuletee kazi.

Toleo nalo lina maana kubwa. Golf 5 ina injini ya mkanda wa taimingi, na ndani yake kuna kikombe kidogo cha chuma kinachokaa kati ya kemshafti (shafti inayofungua valvu) na pampu ya petroli ya presha kubwa. Kikilika kikatoboka, kemshafti yenyewe inaanza kuliwa. Kukitoa na kukiangalia ni kazi fupi, spea yake ni ndogo, na bado wengi hawajawahi kukiangalia hata mara moja.

Golf 6 ndiyo inayotutia wasiwasi zaidi. Injini yake ina cheni ya taimingi, na tensiona, yaani kikaza cheni, ya zile za mwanzo ilikuwa dhaifu. Ikiachia, cheni inaruka meno, valvu zinagongana na pistoni, na hapo hatuzungumzii sevisi tena, tunazungumzia injini. VW waliibadilisha tensiona hiyo baadaye, kwa hiyo jambo la kwanza tunaloliangalia kwenye Golf 6 ni kama ina ya zamani au mpya. Kama ni ya zamani, badilisha kabla hujafunga rimu wala redio. Injini hizi pia hula oili. Zoea kuchomoa kijiti cha kupimia oili kila unapojaza tanki.

Golf 7, iliyoanza kutoka 2013, ndiyo tunayomshauri mtu wa kukaa na gari. Nguvu farasi 220 kwa zile za mwanzo, injini imetulia kuliko ile iliyotangulia. Ina mawili ya kuyajua, na yote mawili ni plastiki.

La kwanza ni pampu ya maji na nyumba ya thamostati (kidhibiti joto la injini). Zimeshikana pamoja, ziko mbele ya injini chini ya manifodi ya kuingizia hewa, upande wa giaboksi. Joto la miaka linaikunja ile plastiki, maji yanaanza kuvuja kidogo kidogo. Mteja mmoja alikuja akasema gari "linakunywa maji kidogo tu", anaongeza glasi moja kwa wiki mbili. Chini hakukuwa na tone. Tulipomulika tochi chini ya manifodi tukakuta ukoko wa waridi, mkavu kama chumvi ya magadi, umeshika juu ya giaboksi: kulenti (maji ya kupoozea injini) inavuja, inaangukia chuma cha moto, inakauka kabla haijafika sakafuni. Alikuwa amekaa hivyo miezi minne. Tulifunga pampu mpya siku ileile, injini haikuwa imechemsha, akaondoka salama. Angesubiri foleni moja ya Morogoro Road saa nane mchana, tungekuwa tunashusha silinda hedi.

La pili ni sampo, bakuli la oili chini ya injini. Sehemu ya chini ya sampo ni plastiki, na nati ya kumwagia oili nayo ni plastiki: haifunguliwi kwa spana, inazungushwa robo tu kwa bisibisi pana, na kila sevisi unaweka mpya. Fundi asiyelijua hili anaikaza kwa nguvu za chuma, inavunjika. Kwa barabara zetu za matuta na makorongo, hakikisha kinga ya chini ipo na imefungwa skrubu zote. Magari mengi yanafika kwetu bila kinga hiyo, fundi aliyetangulia aliona inamchelewesha. Na kama unaishi Goba au Kimara ndani ndani, shusha rimu za inchi 18 uweke za 17 zenye tairi la 225/45. Muonekano unapungua kidogo, lakini rimu hazipindi na shokapu zinaishi.

Giaboksi ya DSG, otomatiki ya VW yenye klachi mbili, ndiyo watu wanaiogopa kuliko vyote, na hofu nyingi inatokana na uvivu wa watu wengine. Ile ya gia sita yenye klachi zinazoogelea kwenye oili inataka oili na filta mpya kila kilomita 60,000. Basi. Lakini ifanywe inavyotakiwa: oili inajazwa kutokea chini, injini ikiwa inaunguruma, na kipimo kinasomwa oili ikiwa kati ya nyuzi 35 na 45, tukiangalia kwenye kompyuta. Anayekwambia anajaza kwa kukadiria, chukua ufunguo wako. Na wewe kwenye foleni usinyatie, yaani usisogee kidogo kidogo bila kusimama. Acha nafasi ifunguke mbele, ndipo usogee mara moja. Kunyatia ndiko kunakopasha klachi moto na kuzimaliza.

Kuna wateja tunaowaambia GTI si yao, hasa mwenye gari moja nyumbani linalopeleka watoto shule na kwenda Dodoma mwisho wa mwezi. Huyo aangalie Suzuki Swift Sport ya lita 1.6, gia za mkono. Haina turbo, uzito wake ni kama kilo 1,050, kwenye kona inachangamka kweli, na fundi wa kawaida anaiweza. Kwenye barabara kuu GTI itaiacha mbali, hilo halina ubishi.

Kama gari liko Japani, tutumie karatasi ya mnada tuisome pamoja kabla hujalipa. Herufi R kwenye daraja ina maana lilipata ajali likatengenezwa. Kama liko hapa mjini, mwombe muuzaji alilaze kwetu usiku mmoja. Asubuhi tutaliwasha wenyewe injini ikiwa baridi kabisa, kwa sababu cheni iliyolegea hulia sekunde mbili tatu za kwanza tu, kisha inanyamaza mchana kutwa.