YAH: MALALAMIKO KUHUSU KEBO ILIYOUZWA KAMA SHABA YA MILIMITA 6

Mwanga,
Kigoma.

Kwa Meneja Mkuu,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mteja wenu, mkazi wa Mwanga katika Manispaa ya Kigoma-Ujiji, na ni mwendeshaji wa redio ya ridhaa, yaani ya kuwasiliana na wenzangu wa mbali bila malipo, mwenye leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Nilinunua kwenu meta kumi za kebo ya nyaya pacha, nyekundu na nyeusi, ambayo ganda lake limepigwa chapa ya shaba, milimita 6 za mraba, na ambayo risiti yenu ya mashine ya kodi (EFD) inaitaja kwa maneno hayohayo. Mzigo ulionifikia Kigoma si shaba, wala si wa milimita 6. Ni alumini iliyopakwa shaba juu, na unene wake halisi umezidi kidogo tu nusu ya ule mlioandika. Ninaandika kwa kirefu kwa sababu nilipopiga simu ofisini kwenu nilijibiwa kwamba kebo haina tatizo lolote, ila redio yangu ndiyo inayokula umeme mwingi. Jibu hilo si sahihi, na naomba mnisikilize hadi mwisho.

Redio ninayoitumia hutoa wati 100 katika masafa mafupi. Mtengenezaji wake ameandika kuwa inahitaji volti 13.8, ikiruhusiwa kupungua au kuzidi kwa asilimia 15, maana yake isilishwe chini ya volti 11.7, na kwamba inaporusha kwa nguvu zote huvuta hadi ampea 22. Hapo ndipo umeme wa betri unapoachana na ule wa ukutani. Kifaa cha wati 250 kwenye umeme wa volti 230 huvuta ampea moja na ushee, na volti moja ikipotea njiani hakuna atakayeitambua. Wati hizohizo zikitoka kwenye betri ya volti 12 zinadai zaidi ya ampea 20, na volti moja ikipotea ni sehemu ya kumi na mbili ya umeme wote uliopo. Ndiyo maana anayefunga redio haridhiki na waya usioungua tu. Anakaa na kalamu kwanza, anakokotoa ni volti ngapi zitakazobaki zikifika mwisho wa safari, kisha ndipo anakwenda dukani.

Nami nilifanya hivyo. Kutoka kwenye betri hadi kwenye meza ya redio ni meta 4, na kwa kuwa umeme huenda kwa waya mmoja na kurudi kwa mwingine, hesabu inakuwa ya meta 8. Shaba ina ukinzani, yaani hali ya kuzuia umeme usipite, wa omu 0.0172 kwa kila meta ya waya wenye milimita moja ya mraba. Ukizidisha kwa 8 na kugawanya kwa 6 unapata omu 0.023, na kwa mkondo wa ampea 20 ni upotevu wa volti 0.46. Betri yangu ni ya asidi, ya ampea-saa 100, na usiku inapobeba mzigo huo husimama kwenye volti 12.3, kwa hiyo redio ingepata volti 11.8, ndani ya mpaka wake. Kwa waya wa milimita 4 upotevu ungekuwa karibu volti 0.7 na redio ingeshuka hadi 11.6. Niliagiza milimita 6, iliyo ghali zaidi, kwa sababu hiyo na si nyingine.

Mchana, jua likiwa limewaka na paneli ikichaji, betri hukaa juu ya volti 13 na kebo yenu haikuonyesha dosari yoyote. Tatizo lilijitokeza jioni, na jioni ndipo masafa ya mita 40, mojawapo ya bendi zetu za redio ya ridhaa, yanapofunguka kwa mawasiliano ya mbali. Kila nilipopaza sauti kwenye maikrofoni redio ilizima na kujiwasha upya, na wenzangu waliokuwa wakinipokea waliniambia sauti inakwaruza na kukatika. Niliweka kipima umeme (multimita) kimoja kwenye vichwa vya betri na kingine nyuma ya redio, nikarusha wimbi tupu lisilo na maneno ili mkondo utulie kwenye ampea 20, nikasoma zote mbili kwa wakati mmoja. Kwenye betri zilikuwa volti 12.3, kwenye redio 10.9. Volti 1.4 zilipotea ndani ya meta nne. Kebo ilikuwa ya moto mkononi, na kishikilia fyuzi cha upande wa chanya, pale waya wenu ulipobanwa, kilikuwa kimelainika na plastiki yake kuanza kuvuja kwenye ukingo.

Ili nisimsingizie mtu, nilimwomba fundi wa hapa Mwanga anigawie kipande cha kebo nyingine ya milimita 6 ambayo ameitumia kwa muda mrefu na kuiamini. Tuliikata kwa urefu uleule, tukaifunga kwenye betri ileile, fyuzi za ukubwa uleule na redio ileile. Upotevu ukawa volti 0.5, sawa na hesabu yangu ukijumlisha kidogo kinachopotea kwenye fyuzi na maungio. Redio haikuzima tena. Kwa hiyo hoja ya kwamba redio inakula umeme mwingi haina pa kusimamia, maana inakula uleule kwa kebo zote mbili.

Ndipo tukaifungua kebo yenu. Waya wa milimita 6 wa aina hii laini kwa kawaida husokotwa kwa nyuzi 84 zenye kipenyo cha milimita 0.30 kila mmoja. Wa kwenu una nyuzi 70, na maikromita ya fundi, kifaa cha kupimia unene mdogo, ilisoma milimita 0.25. Ukipiga hesabu ya nyuzi hizo zote unapata milimita za mraba 3.44. Ganda lake ni nene kupita kiasi, na ndilo linalofanya kebo ionekane imeshiba unapoishika dukani. Nilikwangua uzi mmoja kwa wembe: wekundu ulitoka kama rangi na chini yake kukawa kweupe. Niliushika uzi mwingine kwa koleo juu ya mwali wa kiberiti cha gesi, ukajikunja na kudondoka. Uzi wa ile kebo ya fundi, katika mwali uleule, uligeuka mwekundu wa moto na ukabaki mzima. Alumini huyeyuka kwenye nyuzijoto 660, shaba inasubiri hadi 1085.

Mwisho nilipeleka kwa sonara meta moja ya waya wenu, nikiwa nimeivua ganda lote, akaiweka kwenye mizani yake ya dhahabu. Meta moja ya shaba ya milimita 6 inapaswa kuwa na uzito wa gramu 53 hivi. Yenu ilikuwa gramu 11.5. Sonara aliigeuzageuza kidoleni akaniuliza nimeinunua wapi, na sikuona fahari yoyote kumjibu.

Alumini iliyopakwa shaba hupitisha umeme kwa takribani asilimia 63 tu ya uwezo wa shaba yenye unene uleule. Ukichukua milimita 3.44 na kuzipunguza kwa kiwango hicho, unabaki na waya unaolingana na shaba ya milimita 2.2, yaani mwembamba kuliko ule wa 2.5 ambao mafundi huutandaza kwenye soketi za nyumbani. Hicho ndicho mlichoniuzia kwa bei ya milimita 6.

Sasa naomba mzingatie jambo la fyuzi, kwa sababu ndilo linalonifanya nisiyaite haya kuwa ni hasara ya fedha tu. Fyuzi haiwekwi kwa ajili ya kulinda redio. Inawekwa karibu na betri ili kulinda waya, kwa kuwa betri ya ampea-saa 100 ikipigwa shoti inaweza kumwaga mamia ya ampea kwa mkupuo mmoja. Anayefunga husoma ukubwa wa waya, kisha anachagua fyuzi ambayo itakatika kabla waya haujafikia joto la kuunguza ganda. Mimi niliweka fyuzi ya ampea 30 kwenye nyaya zote mbili, chaguo ambalo kwa shaba halisi ya milimita 6 ni salama kabisa. Kwa waya mliouleta, fyuzi hiyohiyo inaweza kuendelea kupitisha mkondo ilhali kebo inaungua. Maana yake, maandishi ya uongo kwenye ganda yaliniondolea ulinzi niliodhani ninao, na fundi yeyote makini anayefuata taratibu zote angeingia katika hatari ileile kwa sababu tu amewaamini.

Sisemi kwamba alumini iliyopakwa shaba ni bidhaa haramu. Sisi wa redio tunaifahamu, na mahali pengine inafaa sana: katika kebo ya antena, kwa mfano, umeme wa masafa ya juu hupita kwenye ngozi ya nje ya waya, kwa hiyo tabaka jembamba la shaba linafanya karibu kazi yote. Umeme wa betri haupiti hivyo. Unatumia waya mzima, kutoka ngozi hadi kiini, na kiini chenu ni alumini. Isitoshe, alumini ikibanwa kwa skrubu hulegea taratibu, kwa kuwa hutanuka kwa joto kuliko shaba na ni laini zaidi, na uso wake ukikutana na hewa hujifunika kutu nyeupe isiyopitisha umeme. Kiungio kikilegea kinapata joto, joto linakilegeza zaidi. Nilipofungua kishikilia fyuzi kilichoyeyuka nilikuta skrubu inazunguka kwa vidole, ilhali fundi aliikaza kwa bisibisi na wote tuliishuhudia. Kama kebo ingeuzwa kwa jina lake, mnunuzi angejua aongeze unene kwa zaidi ya mara moja na nusu, atumie vichwa vya waya vinavyostahili alumini, na awe anakagua maungio mara kwa mara. Kosa lenu ni kulificha jina hilo.

Huku kwetu kosa hilo lina uzito wa pekee. Kebo ya aina hii haiishii kwa wachache wenye redio. Wavuvi wa dagaa wanaotoka Kibirizi na Katonga huwasha taa zao usiku kucha kwa betri za volti 12, ndani ya mitumbwi ya mbao, wakiwa mbali na nchi kavu. Familia nyingi vijijini hufunga sola kwa waya huohuo, ukipita darini au chini ya paa la nyasi. Hao hawana maikromita, na hawana sababu ya kumwendea sonara. Wanasoma kilichoandikwa kwenye ganda, au wanasomewa na muuza duka, na wanalipa. Mji wetu uko mwisho wa Reli ya Kati. Mtu akishaagiza mzigo kutoka Dar es Salaam, akaulipia na usafiri, ni nadra sana atarudi kudai haki yake, na ninahofia kwamba wanaoleta mizigo ya namna hii wanalijua hilo.

Ofisi yenu ilipendekeza kunitumia kebo ya milimita 10 ya chapa hiyohiyo kama kifuta jasho. Nashukuru, lakini sitaipokea. Ikiwa imetengenezwa kwa mtindo uleule, nitakuwa nimebadilishiwa unene wa ganda tu, na atakayeuziwa ile nitakayoirudisha atabaki na tatizo langu.

Kwa hiyo ninaomba yafuatayo. Nirejeshewe bei yote ya kebo pamoja na gharama ya kuisafirisha hadi Kigoma, na thamani ya kishikilia fyuzi kilichoyeyuka. Kebo yote ya chapa hiyo iondolewe kwenye rafu zenu hadi itakapopimwa, na kama mtaendelea kuiuza, iandikwe wazi kuwa ni alumini iliyopakwa shaba, pamoja na unene wake halisi. Wauzaji wa mikoani mliowapelekea mzigo huo wajulishwe, na hapa sitaridhika na tangazo lililobandikwa kaunta ya Dar es Salaam pekee. Vilevile ninaomba nakala ya cheti cha ubora kilichowaruhusu kuingiza bidhaa hiyo sokoni, kwa kuwa ganda lake lina alama inayodai imekidhi viwango.

Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inataka bidhaa inayouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo, na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi kuhusu aina na ubora wa anachonunua. Nisipopata majibu ya maandishi ndani ya siku 14 tangu mpokee barua hii, nitawasilisha malalamiko haya kwa Shirika la Viwango Tanzania na kwa Tume ya Ushindani, nikiambatisha kebo yenyewe.

Pamoja na barua hii mtapata nakala ya risiti, picha za usomaji wa multimita zote mbili, picha ya uzi uliokwanguliwa kando ya uzi wa shaba, na kipande cha sentimita 50 cha kebo yenu ambacho ganda lake lenye maandishi halijaguswa. Meta zilizobaki ninazo, zimefungwa kama zilivyokuja, na mkimtuma mtaalamu wenu Kigoma nitampa azipime mbele yangu na mbele ya fundi.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mteja wenu,
Mwanga, Kigoma.