Fedha za mpakani siasa zinapogeuka

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Uliuliza mradi wa pande mbili za mpaka unaponaje, nchi moja ikijitoa kwenye umoja unaoulipia. Tazama mpaka kati ya Jamhuri ya Ireland na Ireland ya Kaskazini, iliyo sehemu ya Uingereza, wakati wa Brexit, yaani Uingereza kujitoa Umoja wa Ulaya. Fedha hazikukatika pale, ila ziliyumba, na namna zilivyoyumba ndiyo ya kujifunza.

Kulikuwa na programu mbili za Umoja wa Ulaya za kipindi cha 2014 hadi 2020, PEACE IV ya amani na INTERREG VA ya ushirikiano wa mpakani, chini ya SEUPB, chombo cha kusimamia programu hizo kilichotokana na Mkataba wa Belfast wa 1998, ule wa amani ya Ireland ya Kaskazini. Zilihudumia Ireland ya Kaskazini na kaunti sita za mpakani za Jamhuri. INTERREG iligusa pia magharibi mwa Scotland. Umoja wa Ulaya ulitoa hadi asilimia 85. Zile 15 zilizobaki zilitoka kwa wachangiaji wa nyumbani.

Kura ya Waingereza ya kujitoa ilipigwa 23 Juni 2016. Tarehe 13 Agosti Waziri wa Fedha wa Uingereza, Philip Hammond, akatoa dhamana ya kulipia fedha hizo Uingereza ikishaondoka, lakini kwa mikataba iliyosainiwa kabla ya taarifa ya bajeti ya Novemba tu. Tarehe 3 Oktoba akaisogeza hadi siku ya kuondoka, kwa masharti. Unaona mchezo ulipo? Mradi uliopitishwa kwenye kikao lakini haujasainiwa haukuwa na kitu mkononi. Kwa hiyo bajeti, makubaliano ya washirika na uthibitisho wa ile asilimia 15 viwe tayari mapema, ili barua ya ufadhili ikija isainiwe wiki hiyohiyo. Ilipofika Machi 2019, ikihofiwa Uingereza itatoka bila mkataba, Umoja wa Ulaya ulitunga kanuni ya pekee, namba 2019/491, ili programu hizi mbili zisisimame.

Siasa ina kelele, lakini mimi naogopa zaidi sarafu. Kabla ya kura pauni ilikuwa karibu yuro 1.30, Agosti 2017 ikashuka hadi kama 1.08. Chukua mradi wa yuro milioni moja. Ile asilimia 15 ya nyumbani, yuro 150,000, kabla ya kura ilihitaji kama pauni 115,400. Baadaye ikahitaji karibu 138,900. Mchangiaji aliyeahidi kwa pauni anabaki na pengo, na hakuna aliyemdanganya mwenzake.

Kuna upande wa pili ambao wengi hawauoni. Mshahara wa pauni 3,000 uliokuwa ukila yuro 3,900 za bajeti, pauni iliposhuka ukala 3,240 tu. Yaani mradi unafanya kazi ileile huku vitabu vya yuro vikionyesha umezembea kutumia. Na kuna kanuni ya miaka mitatu: fedha zilizotengwa mwaka fulani zikipita mwisho wa mwaka wa tatu hazijadaiwa, programu inazipoteza. Kagua makadirio kila robo mwaka kwa kiwango kipya cha kubadilisha sarafu, uombe kuhamisha vifungu vya bajeti mapema. Angalia pia gharama hubadilishwa kwa kiwango cha mwezi upi: wa matumizi, wa kupeleka madai kwa ukaguzi, au wa kumripoti mshirika kiongozi, yaani anayeubeba mradi kwa niaba ya wenzake. Kanuni za kipindi kile ziliruhusu vyote vitatu, programu ikachagua kimoja.

Mengine ni ya kila siku. Malipo huja baada ya kutumia, kwa hiyo uwe na akiba ya kuendesha kazi kwa miezi sita hivi. Shirika dogo lisiwe kiongozi kwa heshima tu. Madai hukataliwa kwa vitu vidogo: zabuni isiyo na kumbukumbu za tathmini, karatasi ya saa za kazi isiyosainiwa, ankara iliyolipwa na mshirika mwingine.

Ukipata rasimu ya mkataba wako nitumie. Nitaanza na kifungu cha sarafu, kisha kile cha kuvunja mkataba: nataka kuona nani analipa mishahara ya kipindi cha notisi.

Wasalaam,
Rafiki yako