Kontena linawaka, ukurasa haufunguki

Hamisi ndugu yangu,

Salaam nyingi. Huku hatujambo, Mama Zuhura anakusalimu na anaulizia mkeka wake.

Nimesoma ujumbe wako kuhusu programu ya duka la dada yako, uliyoiweka kwenye kontena (kisanduku cha Docker kinachoendesha programu). `docker ps`, orodha ya makontena, inaonyesha `0.0.0.0:8080->5000/tcp`, kontena liko hai, ila brauza inasema muunganisho umekatwa. Usihangaike na poti (milango ya mtandao yenye namba), hazina kosa. Fungua `docker logs duka`, utaona `Running on http://127.0.0.1:5000`. Tatizo ni hapo. Hiyo 127.0.0.1, anwani ya mashine kujiita yenyewe, hapa ni ya kontena lenyewe, maana kila kontena lina mtandao wake. Flask, yaani zana ya Python inayoendesha programu yako, inamsikia aliye ndani tu, nawe unabisha kutoka nje. Mstari wa mwisho wa Dockerfile, faili la maelekezo ya kujenga imeji (kiolezo cha kontena), uwe hivi, 0.0.0.0 ikiwa na maana ya kusikiliza anwani zote:

`CMD ["flask", "run", "--host=0.0.0.0"]`

Kisha jenga upya kwa `docker build -t duka .`, ondoa la zamani kwa `docker rm -f duka`, halafu:

`docker run -d --name duka -p 8080:5000 -v duka-data:/app/data duka`

Kwenye `-p`, namba ya kushoto ni ya mashine yako, ya kulia ni ya ndani. Hiyo `-v` huhifadhi `/app/data` nje ya kontena. Ule mstari wa EXPOSE anaoung'ang'ania Juma haufungui poti yoyote, ni maelezo kwa msomaji.

Ngoja, kabla hujagusa hiyo `rm`! Faili la SQLite, yaani hifadhidata ya mauzo, liko ndani ya kontena la zamani, na `rm` italifuta pamoja na mauzo yote ya dada yako. `stop` haifuti, `rm` inafuta. Anza na `docker cp duka:/app/duka.db .`, na kwenye programu elekeza njia ya faili iwe `/app/data/duka.db`. Kontena jipya likishawaka, rudisha faili hilo kwenye `/app/data` kwa `docker cp`, kisha `docker restart duka`.

Ukipeleka kwenye seva, `flask run` iache, hiyo ni ya majaribio. Tumia gunicorn, seva ya programu za Python, lakini nayo isipoambiwa husikiliza 127.0.0.1, kwa hiyo usisahau `-b 0.0.0.0:5000`. Na ufw, ukuta wa moto wa seva, isikufanye ulale ukidhani uko salama: poti iliyofunguliwa kwa `-p` huipita.

Sasa niambie: dada ataifungua kwa simu akiwa dukani, au kwenye kompyuta ile ile? Mbele kuna nginx, seva inayopokea wageni na kuwapitisha kwenye programu? Kama ipo, andika `-p 127.0.0.1:8080:5000`. Nywila mmeshaitoa kwenye imeji? Na hilo faili la mauzo, lina nakala nyingine popote?

Wako,
Bakari